Siku arobaini za ndani na mkojo usiozuilika: tuyazungumze majeraha ya uzazi bila kuyafukizia udi

Mkunga Mstaafu (Ngamiani, Tanga)

Habari zenu nyote. Nilihesabu vipande tisa vya kanga kwenye kamba ya uani, vimeanikwa tangu alfajiri, na nyumba ile haikuwa na mtoto mchanga. Hicho ndicho kilichonisimamisha mlangoni. Jirani alikuwa ameniita nikamtazame mkaza mwanawe aliyekuwa na siku ya thelathini na tatu ndani, nami nilidhani nakwenda kuangalia mshono tu. Chumbani udi umefukizwa mpaka macho yanawasha, godoro limevishwa nailoni, na binti mwenyewe, wa miaka ishirini na mmoja, ameketi juu ya kigoda chenye tambara lililokunjwa mara nne, hataki kuinuka kunisalimia. Mama mkwe akaninong'oneza: "Mkojo wa uzazi tu huo, mama. Akitoka arobaini utakata wenyewe."

Nikamwomba binti anisimulie mwenyewe. Uchungu ulimshika Ijumaa baada ya Alasiri, na alifikishwa hospitali Jumapili asubuhi. Mtoto alitolewa kwa upasuaji akiwa ameshafariki. Mpira wa mkojo, ule mrija unaoingizwa kibofuni kutoa mkojo, ulitolewa siku ya tatu, akaruhusiwa siku ya nne, na siku ya sita akaamka amelowa mpaka mgongoni. Tangu siku hiyo hajui haja ndogo inakuja saa ngapi, kwa sababu haiji wala haiondoki. Inatiririka tu, amesimama au amelala.

Jeraha hilo linaitwa fistula ya uzazi, nami nitalieleza polepole kwa sababu wengi hudhani mama amechanwa na mkunga au amekatwa na daktari. Kichwa cha mtoto kikikwama kwenye nyonga na uchungu ukaendelea kukisukuma, kibofu na ukuta wa uke hubanwa kati ya kichwa hicho na mfupa wa kinena, damu haipiti tena pale, na nyama isiyopata damu hufa kama kidole kilichofungwa uzi kwa siku nzima. Lakini nyama iliyokufa haidondoki siku hiyo hiyo. Hubaki mahali pake siku tatu, siku tano, pengine hata kumi, kisha huachia, na pale ilipoachia ndipo tundu lilipo. Hii ndiyo sababu mama anaweza kutoka hospitali akiwa mkavu kabisa, maji yakaanza akiwa nyumbani, na watu wakaamini kwamba kilichomharibu ni jicho la mtu au chakula alichopewa. Ikiwa kilichobanwa ni upande wa nyuma, basi hupita choo. Wapo pia wanaoinuka kitandani na kukuta mguu mmoja unaburuta, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyo ndani ya nyonga nayo ilibanwa. Kuhusu mtoto, katika uchungu wa namna hiyo mara nyingi huwa ameshatangulia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Tundu likiwa dogo na bichi, linaweza kujifunga bila kisu. Mama anawekewa mpira wa mkojo na unaachwa ndani mfululizo kwa wiki nne hadi sita, anakunywa maji mengi, kibofu kinakaa kitupu, na kingo za jeraha zinapata nafasi ya kukutana. Si wote wanaopona kwa njia hiyo, lakini wanaopona wameepuka upasuaji kwa sababu tu walisema mapema. Hebu tazameni muda wenyewe: wiki nne hadi sita ni kama arobaini. Zile siku ambazo sisi watu wa pwani tunamfunika mama ndani, tunamfukizia, tunamkanda na kumficha asionekane na wageni, ndizo zile zile ambazo mpira wa bei ndogo ungeweza kufanya kazi ambayo baadaye itahitaji chumba cha upasuaji, ganzi ya mgongo na daktari bingwa.

Sisemi arobaini ivunjwe. Nami nilikaa arobaini zangu nne, nikalishwa supu ya kuku na uji wa pilipili manga, nisichote hata kata ya maji, na hadi leo nawashukuru wazee walionitunza. Ninachoomba ni kwamba anayeingia ndani kumhudumia mama mzazi, awe somo wake, shangazi au mama mkwe, aulize swali moja ifikapo siku ya saba: je, haja ndogo unaizuia? Akijibu hapana, au akiinamisha kichwa, mlango ufunguliwe siku hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wanawake kati ya 50,000 na 100,000 hupata fistula ya uzazi kila mwaka duniani, karibu wote katika nchi ambazo hospitali iko mbali au daktari hayupo. Naomba tuzungumze kwa heshima. Mwenye swali aulize.

Mzee wa Chumbageni

Mama, kwa heshima zote naomba nitofautiane nawe kidogo. Bibi yangu mzaa baba alizaa watoto tisa, wote nyumbani, kwa mkono wa mkunga wa jadi, na alikufa mzee sana bila kuvuja tone. Katika utoto wangu sikusikia neno fistula. Nimeanza kulisikia baada ya hospitali kujaa na visu kuzoeleka. Je, haiwezekani kwamba ugonjwa huu tumeletewa na upasuaji wenyewe?

Mkunga Mstaafu (Ngamiani, Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako lina pande mbili, na upande mmoja una haki.

Nianze na ule usio na haki. Bibi yako alizaa tisa salama kwa kuwa nyonga yake ilimruhusu, na wanawake wengi huruhusiwa. Walio hatarini ni wachache, lakini hakuna anayewajua kwa kuwatazama kwa macho. Hao wachache wa zamani walikuwepo, ila hukuwaona kwa kuwa walilala banda la uani, walikula peke yao, hawakualikwa harusini wala msibani, na walipokufa ilisemwa wamekufa kwa homa. Ugonjwa wenyewe ni mkongwe kuliko hospitali yoyote. Huko Misri, maiti iliyohifadhiwa ya mwanamke wa nyumba ya kifalme aitwaye Henhenit, ya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ilipochunguzwa na wataalamu katika karne ya 20 ilikutwa na nyonga nyembamba na tundu kubwa kati ya kibofu na uke. Jumba la mfalme, na bado.

Wala si ugonjwa wa Waafrika. Mwaka 1855 mji wa New York ulifunguliwa hospitali ya wanawake ambayo kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kuwashona wenye fistula. Mwanzilishi wake, J. Marion Sims, alikuwa ameijua njia ya kushona tundu hilo kwa uzi wa fedha huko Alabama kwa kuwapasua mara kwa mara wanawake watumwa, bila ganzi na bila wao kuwa na uwezo wa kukataa. Majina ya watatu yamehifadhiwa: Anarcha, Lucy na Betsey. Anarcha alipasuliwa mara zipatazo thelathini. Sanamu ya daktari huyo iliondolewa katika bustani ya Central Park mwaka 2018, nami sikusikitika. Lakini huko Marekani ugonjwa wenyewe ulikwisha kwa sababu mwanamke aliyekwama alianza kupata upasuaji kwa wakati.

Upande wenye haki ni huu. Zipo fistula zinazosababishwa na kisu. Daktari aliyechoka, usiku, taa hafifu, mama aliyefikishwa kichwa cha mtoto kikiwa kimeshuka mno na tishu zimelainika kama mkate ulioloweshwa: hapo kibofu au mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo unaweza kukatwa au kushonewa ndani ya mshono. Mwanamke aliyekatwa mrija huo wa figo huweza kwenda haja ndogo kama kawaida na huku bado anavuja, kwa kuwa figo moja inamwaga pembeni. Kadiri upasuaji wa uzazi unavyosogezwa kwenye vituo vya afya vya vijijini, jambo ambalo ni jema, ndivyo tunavyopaswa kuwa wakali juu ya nani anashika kisu na nani anamsimamia. Kwa hiyo hukukosea kuuliza, mzee wangu.

Binti Muheza

Shikamoo mama. Mimi sivuji mkojo lakini nina tatizo ambalo sijamwambia hata mume wangu. Nilijifungua mtoto wa kwanza miezi mitano iliyopita, mtoto mkubwa, kilo 4 na gramu 100. Nilichanika, nikashonwa, nikaambiwa niko sawa. Tangu hapo siwezi kuzuia hewa, na nikipata haja kubwa ni lazima nikimbie. Mara mbili nimechelewa. Nikiswali nalazimika kutia udhu upya kila rakaa mbili. Je, hii nayo ni fistula?

Mkunga Mstaafu (Ngamiani, Tanga)

Marahaba mwanangu. Huenda si fistula, na naomba usiendelee kubeba jambo hilo peke yako, kwa sababu lina tiba.

Kuchanika wakati wa kujifungua kuna daraja nne. Daraja la kwanza ni ngozi tu, na mara nyingine hata haishonwi. La pili linaingia kwenye misuli iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, na mkunga hulishona palepale leba, yaani chumba cha kujifungulia. La tatu limefika kwenye ule msuli wa mviringo unaofunga njia ya haja kubwa, na la nne limepita mpaka ndani kabisa. Daraja la tatu na la nne hayashonwi kitandani kwa haraka. Yanahitaji chumba cha upasuaji, mwanga wa kutosha, ganzi nzuri na mtu aliyefundishwa, ambaye ataishika ncha moja ya msuli na ncha ya pili na kuzikutanisha. Tatizo ni kwamba msuli huo ukikatika ncha zake hujivuta ndani na kujificha, kama kamba ya pajama iliyotumbukia kwenye upindo, na anayeshona ngozi ya juu tu huacha kitu kinachoonekana kizuri kwa nje na hakifungi chochote kwa ndani. Njia ya kugundua ni kuingiza kidole kwenye haja kubwa kabla na baada ya kushona. Ni kipimo cha nusu dakika, nacho huachwa kwa sababu ya foleni au kwa sababu ya aibu.

Dalili ulizoeleza, yaani kushindwa kuzuia hewa na kukimbizwa na haja, zinafanana sana na msuli uliochanika usigunduliwe. Ila nimesema zinafanana tu. Atakayeamua ni daktari bingwa wa wanawake baada ya kukupima. Kwa kuwa uko Muheza hauko mbali na hospitali kubwa. Ukifika dirishani usiseme "naumwa chini", maana utapewa dawa ya maambukizo ya mkojo na kurudishwa nyumbani. Sema hivi: nilichanika wakati wa kujifungua, nimeshonwa, na sasa siwezi kuzuia hewa wala choo. Maneno hayo hayana tusi ndani yake.

Huku ukisubiri, yako mazoezi ya kubana misuli ya chini: bana kana kwamba unazuia hewa, hesabu hadi tano, achia, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Yanasaidia, ingawa hayaungi msuli uliokatika. Kula matunda na mboga ili choo kiwe laini bila kuharisha. Kuhusu udhu, muulize mwalimu wako wa dini. Nijuavyo mimi mwenye udhuru wa kudumu ana hukumu yake nyepesi, lakini hiyo si fani yangu.

Na kwa akina shangazi wanaosoma hapa: kukanda. Najua namna tunavyokanda, maji yanayochemka, tawi la majani au taulo, na mama anapiga kelele huku tukimwambia avumilie asije akabaki na tumbo. Mwenye mshono msimkande sehemu hiyo kwa maji ya moto. Nimeona mishono iliyoungua ikafumuka siku ya tano, na jeraha lililofumuka likiwa limeoza halishoneki tena mpaka lisafike. Maji ya uvuguvugu tu ya kujisafishia yanatosha, asubuhi na jioni na kila atokapo chooni, kisha ajikaushe kwa kitambaa safi.

Mwana Bweni

Habari za jioni. Mimi ni mwendesha bodaboda upande wa Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani. Tunabeba sana wajawazito, usiku hasa, kutoka vijiji vya kusini mpaka kwenye kivuko. Mara nyingi nikifika naambiwa na wazee kwamba ana uchungu tangu jana. Swali langu ni fupi: mtu asiye daktari atajuaje kwamba sasa muda umepita?

Mkunga Mstaafu (Ngamiani, Tanga)

Ndugu yangu, swali lako ndilo lilipaswa kuwa la kwanza.

Wakunga wengi barani Afrika wana usemi kwamba jua lisimchwee mara mbili mwanamke mwenye uchungu. Mimi husema hata mara moja ni nyingi kwa aliye upande wa Bweni, kwa sababu lazima uhesabu na saa za njiani. Uchungu ukishakuwa wa kuja na kuondoka kwa mpangilio, ukimfanya ashindwe kuzungumza unapomshika, ndipo safari inapoanza, si pale anaposhindwa kuvumilia. Chupa ikipasuka, safari. Akitokwa na damu, safari. Aliyewahi kupasuliwa, aliyewahi kufiwa na mtoto wakati wa kujifungua, na mwenye umbo fupi sana asingoje uchungu kabisa. Wiki mbili kabla ya tarehe yake asogee mjini kwa ndugu, au kwenye nyumba ya wajawazito wanaosubiri, zile ambazo sehemu fulani za bara huitwa chigonella.

Kuna namba 115, haina malipo. Huo ni mfumo wa m-mama, ulioanzia mikoa ya Kanda ya Ziwa na kutandazwa nchini kuanzia mwaka 2022. Unapiga, mratibu anatafuta gari la wagonjwa, na likiwa mbali anamwita dereva wa kawaida aliyesajiliwa ambaye atalipwa na mfumo wenyewe. Nakushauri uulize halmashauri namna madereva wanavyosajiliwa; mtu anayejua njia za usiku kama wewe anahitajika.

Kuna kitu kimoja ambacho vijana wa bodaboda hukiona kuliko sisi, nami nakitaja ingawa kitawaudhi baadhi ya watu. Uchungu ukirefuka, zipo nyumba ambazo mama huambiwa ataje mwanaume aliyetoka naye, eti mtoto amekataa kutoka kwa sababu ya siri. Nimempokea mwanamke aliyehojiwa hivyo usiku kucha. Alikuwa na mtoto aliyelala kikingamo, mkono umetangulia. Angekiri wanaume kumi, mtoto yule asingegeuka. Na wengine hunyweshwa dawa za mizizi za kuongeza uchungu. Dawa hizo hufanya kazi kweli, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa sababu uchungu mkali juu ya mtoto aliyekwama hupasua kizazi.

Nesi Kijana

Mama, nami ni mwenzio kazini, nina miaka mitatu tu leba. Umezungumzia majumbani, lakini je, kwetu? Nina hakika si mara zote mama amechelewa nyumbani. Wengine huchelewa mikononi mwetu.

Mkunga Mstaafu (Ngamiani, Tanga)

Umeniwahi, mwanangu. Nilikuwa naogopa kulisema kwa kuwa nimekula mshahara wa leba miaka thelathini na moja.

Wote wenye taaluma hii wanaijua patografu, ile karatasi ya kuchora mwenendo wa uchungu. Wasio wauguzi niwaeleze, kwa sababu ni kitu kizuri sana na hakuna anayewasimulia akina mama juu yake. Mwaka 1972 madaktari wawili waliokuwa wakifanya kazi Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, Philpott na Castle, walichora kwenye karatasi mistari miwili ya mshazari. Mstari wa kwanza ni wa tahadhari na wa pili ni wa kuchukua hatua, na kati yao kuna saa nne. Kila mlango wa kizazi unapopimwa, mkunga anaweka alama. Alama zikikaa upande wa kushoto wa mstari wa tahadhari, mambo ni mazuri. Zikivuka, wakunga wa kituo kidogo wanajua kwamba wanazo saa nne za kumfikisha mama mahali penye chumba cha upasuaji kabla ya mstari wa pili. Karatasi ile ilitungwa kwa ajili ya watu kama sisi, walio mbali na daktari. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaoanza kuhesabu mlango unapofikia sentimita 5 na unaompa kila mama muda wake badala ya mstari mmoja kwa wote, lakini kazi ni ile ile, kuzigeuza saa ziwe kitu kinachoonekana.

Na hapa ndipo aibu yetu ilipo. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, patografu zilijazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Alama zote zilipanda vizuri kama ngazi, kwa wino mmoja, kwa mwandiko mmoja, zamu tatu. Tulikuwa wawili kwa vitanda tisa, huo ni ukweli, lakini karatasi iliyojazwa baadaye haimsaidii mtu zaidi ya mkaguzi. Nami nilijaza kadhaa. Mmoja wa akina mama hao alirudi baada ya wiki mbili akiwa amefunga kanga tatu.

Kwa hiyo mwanangu, kama huna nguvu ya kubadili mengine, shika haya. Kila baada ya muda mwambie mama akakojoe, na akishindwa mtoe mkojo kwa mpira, maana kibofu kilichojaa huzuia kichwa kushuka na hubanwa vibaya zaidi. Usikubali mtu apande juu ya tumbo la mama kumsukuma mtoto. Usimwongezee njia, yaani kumkata sehemu ya chini ili mtoto apite, kila mwenye mimba ya kwanza kwa mazoea. Njia huongezwa penye sababu. Na mama yeyote aliyekaa na uchungu uliokwama, awe amejifungua kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, mpira wake usitolewe siku ya tatu kama wa wengine. Uache wiki mbili hivi, hata kama anaonekana mzima na kitanda kinadaiwa. Yule binti wa kanga tisa alitolewa mpira siku ya tatu.

Mume wa Handeni

Shikamoo mama. Mke wangu alivuja miaka sita. Alipasuliwa Dar es Salaam mwaka jana, amepona, ni mkavu. Nataka kujua tu kama tunaweza kupata mtoto. Ndugu zangu walinishauri nimwache tangu mwanzo, sikumwacha.

Mkunga Mstaafu (Ngamiani, Tanga)

Marahaba baba, na Mungu akuzidishie. Wengi wanaweza kuzaa tena. Kwanza, baada ya upasuaji ni lazima ipite miezi mitatu au zaidi bila tendo la ndoa, na ninyi mmeshapita hapo. Akishika mimba, aanze kliniki mapema na aseme wazi kwamba ameshonwa fistula. Iandikwe kwenye kadi kwa herufi kubwa. Atajifungua kwa upasuaji uliopangwa, hospitali kubwa, na mwezi wa mwisho asiwe Handeni vijijini. Tundu lililoshonwa likipitiwa tena na kichwa cha mtoto linaweza kufumuka, na mara ya pili kushona ni kugumu kuliko mara ya kwanza.

Kwa wanaouliza gharama: katika hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam fistula imetibiwa bila malipo kwa miaka mingi, na hata nauli ya mgonjwa hutumwa kwa simu, utaratibu walioanza mwaka 2009 baada ya kugundua kwamba tiba ya bure haina maana kwa asiye na nauli. Hospitali ya Bugando ya Mwanza nayo ina huduma hiyo kwa watu wa Ziwa. Kwetu Tanga, anzeni hospitali ya wilaya au hospitali ya mkoa ya Bombo mkapate rufaa. Tundu dogo lisilo na makovu mengi hufungwa mara nyingi kwa upasuaji mmoja. Lakini nisiwadanganye, wapo wanaofungwa tundu na bado wakavuja kidogo wanapokohoa au kutembea, kwa kuwa kibofu kimesinyaa au misuli imelegea. Hao huhitaji mazoezi, na wengine upasuaji wa pili.

Binti Muheza

Mama, nimekwenda leo. Nilisema maneno yale yale dirishani. Sauti ilikatika katikati lakini niliyasema. Nimepangiwa kumwona bingwa Jumanne. Naomba utuambie, yule dada wa kanga tisa aliendeleaje?

Mkunga Mstaafu (Ngamiani, Tanga)

Umefanya la maana, mwanangu. Jumanne nenda na kadi yako ya kliniki na karatasi uliyoruhusiwa nayo.

Yule binti tulimpeleka siku ya thelathini na nne, mama mkwe akinung'unika njia nzima kwamba zimebaki sita tu. Walimpima kwa maji ya rangi ya bluu: yanatiwa kwenye kibofu kwa mpira, vipande vya pamba vimewekwa ukeni kimoja juu ya kingine, kisha vinatolewa na kutazamwa. Cha katikati kilitoka bluu. Tundu la ukubwa wa ncha ya kidole kidogo. Akawekewa mpira, na nikamfundisha kunywa maji, kwa sababu kama wenzake wote alikuwa ameacha kunywa ili asilowe, na mkojo mzito ulikuwa umemchoma mapaja mpaka ngozi inachubuka. Alipoanza kunywa lita tatu kwa siku, harufu iliisha ndani ya siku nne, na udi ukazimwa.

Wiki sita zimekwisha Alhamisi iliyopita. Tundu limepungua, sasa ni kama tundu la sindano ya kushonea magunia, lakini halikufunga. Lingewahiwa siku ya saba, huenda nisingekuwa naandika hili. Amepewa rufaa ya Dar es Salaam. Jana alfajiri nimewasindikiza stendi, basi la saa kumi na mbili. Nauli ililetwa kwenye simu ya mama mkwe, ambaye hakuna aliyemwomba asindikize. Alikuja mwenyewe amevaa buibui lake la Idi, akaubeba mfuko wa mkojo akaufunika kwa ukaya, na kiti cha karibu na njia akakichukua yeye ili mtu yeyote asimpite mkaza mwanawe akamgusa mpira. Wakishapangiwa siku ya kupasuliwa nitawajulisha hapa.